Wingu Lenye Mwenyewe

Kaskazini kabisa ya pwani ya Msumbiji, mwendo mfupi kusini ya mahali ambapo mto Ruvuma humwaga maji yake baharini, pana mji mdogo uitwao Quionga. Hivyo ndivyo Wareno walivyouandika; watu wa pwani huuita Kionga. Ni mahali pa minazi, mashua na wavuvi, lakini jina lake limeingia katika vitabu vya mataifa makubwa kwa sababu ya karatasi. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mpaka kati ya makoloni yao uwe mto Ruvuma. Mwaka 1894 Wajerumani wakauvuka mto huo na kuichukua Kionga, wakidai kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar, ambayo wao walijihesabu kuwa warithi wake, ilifika kusini zaidi. Mwezi Aprili 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wareno wakaitwaa. Na mwaka 1919 washindi wa vita waliokutana Ufaransa wakaidhinisha kwamba iwe mali ya Ureno. Wavuvi wa Kionga hawakuulizwa neno. Hati zilizoamua wao ni raia wa nani ziliwekwa katika makabati ya Ulaya, na aliyetaka kuzisoma ilimpasa kwanza apande meli.

Habari hiyo ya kale yafaa ikumbukwe, kwa maana siku hizi yako makabati mengine yaliyo mbali kuliko yale, ambayo ndani yake zimo habari za kila mtu mwenye simu ya kisasa, awe mvuvi, awe askari. Makabati hayo hayaitwi makabati. Yanaitwa wingu.

Neno hilo lina udanganyifu ndani yake. Humfanya mtu afikiri juu ya kitu chepesi kinachoelea angani, kisichokuwa na mwenyewe, chenye kumnyeshea tajiri na maskini kwa usawa. Hakuna kitu cha namna hiyo. Wingu la kompyuta ni nyumba. Ni maghala ya saruji na chuma, yenye safu baada ya safu za mashine zinazofanya kazi usiku na mchana, zikipozwa kwa mitambo ya baridi, zikiwa zimezungukwa na ua na walinzi mlangoni. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha nafasi katika maghala yake kwa yeyote aliye tayari kulipa, na kampuni nyingine, zikiwamo Google na Microsoft, zikaifuata. Kwa miaka mingi maghala hayo makubwa yalikuwa nje ya Afrika. Microsoft ilifungua ya kwake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua mjini Cape Town mwaka 2020.

Picha inayopigwa Quionga hufika huko kwa njia inayoweza kuelezwa hatua kwa hatua. Simu huirusha kwa mawimbi hadi kwenye mnara. Kutoka mnarani husafirishwa hadi kwenye kebo iliyolazwa chini ya bahari, kama ile ya SEACOM, iliyofika Maputo, Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, au ile ya EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010. Kisha huingia ghalani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zilikatika katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na siku ile ile intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na nchi nyingine za jirani. Wingu la mvua halijapata kukatika kwa sababu ya waya.

Juu ya maghala hayo ndipo yalipojengwa mabaraza yaitwayo mitandao ya kijamii. Facebook ilianzishwa mwaka 2004. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Facebook hiyo hiyo. Watu hukaa katika mabaraza haya bure, hupiga soga, huombana radhi, hutangaziana misiba na harusi. Kahawa ni ya bure pia. Lakini mwenye baraza si mjinga. Huandika nani amekaa na nani, saa ngapi, akitokea wapi, amevutiwa na nini. Kisha huwauzia wafanya biashara nafasi ya kuwatangazia watu hao bidhaa zao. Hiyo ndiyo kodi ya baraza, na hulipwa na kila aketiye, ajue asijue.

Juu ya jambo hili maoni ya watu yamegawanyika. Richard Stallman, Mmarekani ambaye tangu mwaka 1983 amekuwa akipigania programu za kompyuta zilizo huru, aliliambia gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2008 kwamba kuziweka kazi zako katika kompyuta za mtu mwingine ni upumbavu na ni mtego. Wakati ule wako waliomwona kuwa mzee anayeogopa kivuli chake. Miaka kumi baadaye, mwezi Januari 2018, gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kompyuta za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, katika jengo lililojengwa na China na kufunguliwa mwaka 2012, zilikuwa zikipeleka habari zake Shanghai kila usiku wa manane kwa muda wa miaka mitano. China ilikanusha vikali. Gazeti hilo likaeleza kwamba baada ya mambo hayo kugunduliwa, Umoja wa Afrika ulijinunulia mashine nyingine. Mtu aweza kuamini gazeti au aweza kuiamini China. Lililo wazi ni kwamba ubishi huo usingewezekana kama mwenye nyumba ndiye angekuwa mwenye funguo tangu mwanzo.

Hata hivyo upande wa pili nao una hoja, tena hoja nzito, na wanaoidharau hawajapata kuona ofisi ikiungua. Mwezi Februari 2022, wiki moja tu kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, bunge la Ukraine lilibadili sheria ili kumbukumbu za serikali ziruhusiwe kuhifadhiwa nje ya mipaka ya nchi. Daftari za ardhi, za kodi na za elimu zikanakiliwa na kutolewa nje, nyingine kwa waya, nyingine katika masanduku ya mashine. Makombora yalipoanza kuanguka, majengo yalibomoka, lakini hati ya shamba la mkulima ilibaki salama katika nchi nyingine. Estonia, nchi ndogo iliyo jirani na Urusi, ilikuwa na busara ya mapema zaidi. Mwaka 2017 ilipatana na Luxembourg ihifadhi huko nakala za kumbukumbu zake, na patano lenyewe likasema kwamba mashine hizo ziheshimiwe kama ubalozi uheshimiwavyo. Ghala liko ugenini. Ufunguo na sheria ni vya mwenye mali.

Sasa itazamwe Cabo Delgado. Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi Agosti 2020 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi, na haukukombolewa hadi Agosti mwaka uliofuata, pale majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipouingia. Tarehe 24 Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma, mji mkuu wa wilaya ambayo Quionga imo ndani yake. Mawasiliano ya simu yalikatika siku ile ile. Waliojificha katika hoteli ya Amarula walitegemea simu za satelaiti. Jamaa waliokuwa mbali walikaa siku kadhaa bila kujua nani yu hai na nani amekwisha kufa. Watu walikimbilia porini, wengine baharini kwa mashua, wengine kaskazini kuelekea Quionga na Ruvuma. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kufikia katikati ya mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyahama makwao katika vita hivi.

Katika miji iliyoshambuliwa, ofisi za umma zilichomwa moto pamoja na makaratasi yaliyokuwamo, na katika vijiji nyumba ziliungua na vyeti vilivyofichwa chini ya magodoro. Hili halikupigiwa kelele sana, kwa sababu kelele zilikuwa za maiti na za gesi ya Afungi. Lakini mtu aliyefika kambini bila kitambulisho aliona mara moja uzito wake. Hawezi kwa urahisi kusajili laini mpya ya simu, kwa kuwa usajili wataka kitambulisho. Bila ya laini, fedha alizokuwa ameziweka katika simu ziko pale pale, ni zake, wala hawezi kuzigusa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari humuuliza yeye ni nani, naye hana cha kuonyesha. Na katika vita ambavyo adui havai sare, mtu asiyekuwa na karatasi hutazamwa kwa jicho baya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji vimefanya kazi kubwa ya kuwasaidia waliohama makwao wapate hati upya. Ni kazi njema. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo isingehitajika kama nakala moja ya kila daftari ingekuwa imewekwa mapema mahali ambapo moto wa Palma usingefika.

Basi hapa ndipo palipo na kichekesho kichungu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mvuvi, ambacho kinastahili nakala kumi katika pembe kumi za dunia, kilikuwa katika kabati moja la mbao. Na picha ya lango la kambi ya jeshi, ambayo haistahili kutoka hata hatua moja, hufika ng'ambo kabla ya askari aliyeipiga hajamaliza zamu yake ya lindo.

Wala askari huyo hakukusudia ubaya. Pengine hakuituma popote. Alijipiga picha na wenzake wakicheka, akaiweka simu mfukoni. Lakini simu nyingi za kisasa zimetegwa zinakili picha zote na kuzipeleka katika ghala la kampuni zenyewe, bila kumuuliza mwenyewe kila mara. Ikiwa simu imeruhusiwa kujua mahali ilipo, picha hubeba ndani yake saa, tarehe na vipimo vya mahali ilipopigwa, visivyoonekana kwa macho bali husomwa na mashine. Wako wanaojifariji kwamba WhatsApp imefungwa kwa ufunguo ambao hata kampuni yenyewe haina. Ni kweli, tangu mwaka 2016, kwa ujumbe unaosafiri. Lakini nakala ya akiba ya mazungumzo hayo, ambayo simu huiweka katika wingu ili mtu asipoteze maneno yake simu ikivunjika, haikuwa na ufunguo wa namna hiyo hadi mwishoni mwa mwaka 2021. Na hata sasa lazima mwenye simu auchague mwenyewe. Barua imetiwa lakiri, nakala yake imeachwa mezani.

Mifano ya yale yanayotokea baadaye ipo. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mwendo wa wakimbiaji, ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha kwa nuru njia zote ambazo wateja wake walikuwa wamekimbia. Miezi miwili baadaye mwanafunzi mmoja wa Australia akaitazama ramani hiyo na kuona duara za nuru katikati ya jangwa lenye giza: askari wa Marekani nchini Syria na Afghanistan walikuwa wakifanya mazoezi ya asubuhi kuzunguka kambi zao, saa zao za mkononi zikiandika kila hatua. Katika Afrika pia, kambi za Djibouti zilionekana. Hakuna jasusi aliyelipwa hata senti.

Huko Makiivka, katika usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, askari wa Urusi walikuwa wamejazwa katika chuo kimoja cha ufundi. Makombora ya Ukraine yakalipiga jengo hilo. Urusi ilikiri kupoteza watu 89, na mkubwa mmoja wa jeshi lake akasema kwamba sababu kuu ilikuwa matumizi ya simu yaliyokuwa yamekatazwa. Tangu mwaka 2019 Urusi ilikuwa na sheria ya kuwazuia askari kuwa na simu za kisasa wakiwa kazini. Sheria ilikuwapo, upweke wa kijana aliye mbali na mama yake usiku wa sikukuu ulikuwapo pia. Na ni haki kuuliza ni afisa gani aliyewalundika watu wote hao chini ya paa moja, kwa kuwa simu hazikuchagua jengo. India nayo, mwezi Julai 2020, iliwaamuru askari wake wafute programu 89 katika simu zao, Facebook ikiwa mojawapo.

Adui anaujua uwanja huu. Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, na baada ya hapo picha za sinema za uvamizi huo zikatembezwa katika mitandao. Kwake yeye picha ni sehemu ya silaha: kijiji kimoja kilichochomwa kwaweza kuvitia hofu vijiji mia vilivyo salama. Anayezipokea na kuwapelekea wenzake, akiwa na huruma au udadisi tu, amemsaidia kazi. Tena si raia peke yao wanaoteleza. Mwezi Januari 2012, Kenya ikiwa vitani Somalia, msemaji wa jeshi la nchi hiyo aliweka katika mtandao picha za mtu akipigwa mawe, akisema ni kijana wa Kenya aliyeuawa na Al-Shabaab. Ikaonekana kwamba picha hizo ni za mwaka 2009 na habari yake ni nyingine. Neno la jeshi likapungua uzito katika siku ambazo lilihitaji uzito sana.

Kutokana na haya wako makamanda wanaoona kwamba dawa ni moja: askari wanyang'anywe simu, basi. Katika lindo na katika safari ya mapambano, hilo halina ubishi. Lakini amri hiyo ikikusudiwa kuficha mambo mengine, haitafaa. Mwezi Septemba 2020 picha za sinema zilizozagaa mitandaoni zilionyesha watu waliovaa sare za jeshi wakimpiga na kumwua kwa risasi mwanamke asiye na silaha, aliye uchi, barabarani karibu na Awasse, Cabo Delgado. Wizara ya Ulinzi ya Msumbiji ilisema picha hizo zimeghushiwa. Shirika la Amnesty International likazichunguza na kusema ni za kweli. Mwezi Januari 2023 zikatokea nyingine, zilizopigwa Cabo Delgado miezi kadhaa nyuma, zikionyesha watu wenye sare wakitupa maiti juu ya takataka zinazowaka moto, na miongoni mwa waliokuwa wakitazama wamo askari wa Afrika Kusini waliokuja na jeshi la nchi za kusini mwa Afrika. Uchunguzi ukatangazwa. Mmoja wa waliokuwapo alikuwa na simu mkononi, akipiga picha. Simu ile haikuitupa maiti motoni.

Kwa polisi jambo hili lina sura yake. Tarehe 15 Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa Libya, na ushahidi mkubwa uliotajwa ulikuwa picha za sinema za mauaji zilizowekwa katika mitandao ya kijamii. Maghala yale yale yanayoipeleka siri ya kambi kwa adui yaweza kuipeleka siri ya muuaji kwa hakimu. Lakini mpelelezi wa Palma akitaka kujua ni nani aliyeweka picha fulani, itambidi aandike barua kwa kampuni iliyo ng'ambo, barua ipitie wizara, na kampuni ijibu kwa kufuata sheria za nchi yake na kwa wakati inaoona unafaa. Kabati liko mbali tena, na safari hii hata meli haifiki.

Kwa hiyo nchi zimeanza kuandika sheria zao wenyewe. Kenya ilipitisha ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria hizo zinauliza swali ambalo hapo kale halikuulizwa Kionga: habari hizi ni za nani, nani ameruhusu zichukuliwe, na zinapelekwa wapi. Sheria peke yake haijengi ghala, na ghala lataka umeme usiokatika, mafundi na fedha, vitu ambavyo mikoa ya Ruvuma, pande zote mbili za mto, haina vya kutosha. Lakini daftari la wazaliwa la wilaya nzima, likinakiliwa, ni dogo kuliko picha za harusi moja. Laweza kuwekwa Pemba, na Maputo, na katika ghala la nchi rafiki kwa patano kama lile la Estonia, likiwa limefungwa kwa ufunguo uliobaki nyumbani.

Jua linapotua na majenereta kuwashwa, simu za askari huwekwa kwenye umeme, na huo ndio wakati ambao nyingi kati yake huanza kunakili picha za mchana kutwa na kuzipeleka katika maghala ya ng'ambo. Kwa mwendo wa saa chache kutoka hapo yuko mzee ambaye ofisi inamtaka alete cheti cha kuzaliwa ili apewe kitambulisho. Cheti kiliungua mwaka 2021. Anaambiwa alete mashahidi wawili waliomwona akizaliwa.